Kabla ya kusaini na kampuni ya kukuajiri kwa niaba ya mteja

Mimi ni mshauri wa mifumo ya hesabu, na ninalipwa kupitia kampuni ya aina hii. Mteja namtafuta mwenyewe na bei tunapatana wenyewe. Kampuni inasaini mkataba naye, inaniajiri mimi, inamtumia ankara, kisha inanilipa mshahara uliokwisha kukatwa kodi.

Anza na hesabu, maana hapo ndipo wengi wanaumia. Tuseme ankara ni 1,000 na ada ya kampuni ni asilimia 5. Zinabaki 950, lakini huo bado si mshahara. Kwa kawaida mchango wa mwajiri kwenye hifadhi ya jamii nao hutoka humo humo, ndipo upatikane mshahara ghafi, kisha huo ukatwe mchango wako na kodi ya mapato. Kwa hiyo omba mfano wa hati ya mshahara, wenye kila kato kwenye mstari wake, kabla hujamtajia mteja bei. Wakikuzungusha, tafuta kampuni nyingine.

Swali la pili, nalo ni zito: mteja akichelewa kulipa, mshahara wangu unatoka? Jibu liwe ndani ya mkataba. Ahadi ya simu haitoshi.

Soma pia kipengele cha likizo, cha bima, na cha nani anamiliki kazi utakayoandika. Muda wa notisi wa mikataba yote miwili, wako na kampuni na wa kampuni na mteja, ulingane.

Karatasi ya saa za kazi isainiwe na mteja kabla ya tarehe ya kufunga mishahara.