Tiba ya mazungumzo kwa bodalaini: namna ya kupima kama inakusaidia

Usiipime kwa furaha. Kwa mwenye tatizo la haiba la bodalaini, ambaye hisia humpanda ghafla na kuchelewa kushuka, tiba hupunguza kwanza vitendo: kujidhuru, kujaribu kujiua, kulazwa. Utupu moyoni hukawia kutoka, na hapo ndipo watu huacha wakidhani imeshindwa.

Iliyochunguzwa zaidi ni DBT (Dialectical Behavior Therapy), tiba ya mazungumzo inayofundisha stadi za kumudu hisia, iliyoasisiwa na mwanasaikolojia Marsha Linehan wa Seattle. Katika utafiti wake wa 2006, kwenye miaka miwili ya tiba na ufuatiliaji, waliojaribu kujiua walikuwa 23 kwa kila 100 waliopata DBT, dhidi ya 46 kwa kila 100 waliotibiwa na wataalamu wengine wazoefu. Muujiza si huo, ila nusu ni kubwa.

DBT kamili ina kikao cha mtu mmoja kila wiki, darasa la stadi la saa mbili hivi, simu ya kuomba msaada wa stadi kati ya vikao, na timu ya watibabu wanaoshauriana. Muulize mtibabu, iwe Muhimbili au kliniki binafsi, anatoa vipi kati ya hivyo. Akitoa kikao peke yake bado kuna faida, lakini usitarajie matokeo ya utafiti ule.

Nunua daftari dogo. Kila usiku andika msukumo wa kujidhuru kwa alama 0 hadi 5, kilichouamsha, na stadi uliyotumia. Ukilijaza lote kwenye daladala siku ya kikao, utaandika unavyokumbuka siku mbaya tu, na mtibabu atafuata mnyororo wa matukio usiokuwepo. Linganisha mwezi na mwezi, siyo siku na siku.

Simu hupigwa kabla ya kujidhuru. Ukishajidhuru, kanuni ya DBT ni kusubiri saa 24 kabla ya kupiga tena kuomba mafunzo, isipokuwa uhai uko hatarini. Kukosa vikao vinne mfululizo hukutoa kwenye programu, kwa hiyo chagua kliniki ambayo foleni ya jioni au mvua za masika hazitakuzuia kuifikia.

Msukumo ukizidi, shika pumzi na utumbukize uso kwenye beseni la maji baridi kwa sekunde 15 hadi 30. Mwenye ugonjwa wa moyo amuulize daktari kwanza.

Hakuna dawa inayotibu bodalaini yenyewe. Dawa hutolewa kwa sonona au kukosa usingizi, nazo usizikatize mwenyewe. Ukiwa na mpango wa kujiua, mwambie mtu akusindikize usiku huohuo idara ya dharura ya hospitali iliyo karibu. Usingoje kikao.