Kuokoa kanzidata ya PostgreSQL iliyoharibika ikiwa kazini

Ujumbe wenyewe huwa mfupi: `invalid page in block 4123 of relation base/16384/24601`. Unatokea kwenye logi saa mbili usiku, mhasibu akiwa anafunga hesabu za siku, na ripoti iliyokuwa ikitoka kila siku bila shida inakatika katikati. Maana yake ni kwamba PostgreSQL imekwenda kusoma ukurasa wa 4123 wa jedwali fulani, ikakuta hauna sura ya ukurasa inayoitambua, ikakataa kuendelea. Kurasa nyingine zote za jedwali hilo zinaweza kuwa nzima kabisa. Kama zitabaki nzima itategemea utakayoyafanya katika nusu saa inayofuata, na kwa niliyoyaona mimi, data nyingi hupotea ndani ya nusu saa hiyo, mikononi mwa fundi mwenye haraka, baada ya hitilafu yenyewe kwisha kufanya madhara yake madogo.

Maelezo yanayofuata yanahusu PostgreSQL ya toleo la 14 na kuendelea, ikiwa kwenye Linux. Mpangilio wa hatua unafaa kwa kanzidata nyingine pia, lakini amri zake hazifanani.

Zima, nakili, ndipo utazame

Anza kwa kuzuia maandishi mapya. Funga programu zote zinazotumia kanzidata, pamoja na kazi za usiku zilizopangwa kwenye cron ambazo husahaulika kirahisi, kisha isimamishe PostgreSQL yenyewe kwa `pg_ctl stop -m fast`. Ikigoma, tumia `-m immediate`, ambayo huiacha katika hali ileile ambayo ingekuwa nayo kama umeme ungekatika. Kuna hali moja tu ambamo hupaswi kuisimamisha, nayo ni pale faili zilipofutwa kwa bahati mbaya huku seva ikiendelea kufanya kazi. Katika Linux, faili iliyofutwa haitoweki diskini mpaka mchakato wa mwisho ulioifungua uiachie, kwa hiyo yaliyomo bado yanapatikana kupitia `/proc/PID/fd`. Ukiizima PostgreSQL, mlango huo unaufunga kwa mkono wako mwenyewe.

Seva ikishasimama, nakili folda nzima ya data kwenda kwenye diski nyingine. Usinakili jedwali linalolalamikiwa peke yake, na usisahau sehemu za hifadhi zilizo nje ya folda kuu, ambazo ndani ya `pg_tblspc` huonekana kama viungo tu. Wakati mwingine hata `pg_wal` huwa ni kiungo kinachoelekea diski nyingine. Ikiwa diski yenyewe ndiyo inayokufa, jambo ambalo utaliona katika `dmesg`, yaani logi ya kiini cha Linux, kwa makosa ya kusoma yanayojirudia, tumia `ddrescue` badala ya `cp`, kwa sababu huruka sekta mbovu, huchukua kwanza zilizo nzima, kisha hurudi kuzijaribu zile zilizobaki. Tengeneza nakala mbili. Ya kwanza ipe jina lenye tarehe na saa, iondolee ruhusa ya kuandikwa, na usiiguse tena. Kazi yote itakayofuata hapa chini inafanyika kwenye nakala ya pili.

Folda ya `pg_wal` inastahili onyo lake peke yake. Humo ndimo PostgreSQL huandika kila badiliko kabla ya kulifikisha kwenye faili za majedwali, na bila yaliyomo haiwezi kujiinua baada ya kuanguka. Mpaka toleo la 9.6 folda hiyo iliitwa `pg_xlog`, na wasimamizi waliobanwa na diski iliyojaa walikuwa wakiifuta kwa kudhani ni logi za kawaida. Ndiyo sababu ikapewa jina jipya katika toleo la 10, mwaka 2017. Kishawishi bado kipo palepale. Diski inapojaa, PostgreSQL huweza kuanguka kwa ujumbe wa `No space left on device`, na hapo kwa kawaida hakuna kilichoharibika: ongeza nafasi au hamisha faili zisizo zake, iwashe, nayo itajirejesha. Anayefuta `pg_wal` ili kupata nafasi ndiye anayegeuza tatizo la diski kujaa kuwa tatizo la data kuharibika.

Mashine bado inaaminika?

Hakuna faida ya kurejesha data juu ya diski au kumbukumbu iliyoiharibu. Soma `dmesg`, endesha `smartctl -a` uone hali ya diski, na kama unaweza kuizima mashine kwa saa kadhaa, ipime RAM kwa memtest. Uliza pia kama umeme ulikatika na kama betri ya UPS au ya kadi ya RAID (inayounganisha diski kadhaa) ilikuwa hai, maana diski nyingi za bei nafuu hudai zimekwisha kuandika wakati data bado inaelea kwenye kumbukumbu zake za muda.

Si kila uharibifu unatokana na vifaa. Ikiwa siku chache nyuma mfumo wa uendeshaji ulipandishwa, kwa mfano kuingia Debian 10 au RHEL 8, basi umeingia pia glibc 2.28, maktaba ya msingi ya Linux, ambayo ilibadilisha utaratibu wa kupanga maneno. Faharasa (index, orodha za kutafutia rekodi haraka) za maandishi zilizojengwa kwa mpangilio wa zamani huanza kukosa rekodi ambazo zipo, na hata kukubali namba ya mteja iliyokwisha kutumika. Vilevile, PostgreSQL 14.0 hadi 14.3 zilikuwa na kasoro iliyoweza kuharibu faharasa zilizojengwa kwa `CREATE INDEX CONCURRENTLY`, ikasahihishwa katika 14.4 mwezi Juni 2022. Katika hali zote mbili data iko salama na faharasa ndiyo iliyopinda, kwa hiyo tiba ni `REINDEX`. Faharasa ya kipekee ikikataa kujengwa upya kwa sababu imekuta rekodi mbili zenye ufunguo mmoja, itakubidi kwanza uamue ipi ni ya kweli, na uamuzi huo ni wa mwenye biashara, si wako.

Ukiwa na nakala ya akiba

Mwenye seva pacha, yaani seva ya pili inayonakili kila badiliko la seva kuu, ana bahati. Ukurasa ulioharibikia diskini kwenye seva kuu mara nyingi haufiki kwenye pacha, kwa kuwa pacha hupokea mabadiliko kupitia WAL, yale yanayoandikwa kwenye `pg_wal`, na kuyaandika kwenye diski yake yenyewe. Usiipandishe cheo kuwa seva kuu kabla ya kuipima, hata hivyo. Amri ya `pg_dump duka > /dev/null` (`duka` hapa ni jina la kanzidata) hulazimisha kila rekodi ya kila jedwali isomwe, na ikimaliza bila kulalamika ndipo utumie `pg_ctl promote`. Kipimo hicho hakigusi faharasa; hizo zikague kwa `pg_amcheck` baada ya pacha kuwa seva kuu.

Kama huna pacha lakini una nakala ya msingi (nakala ya folda nzima ya data iliyochukuliwa siku za nyuma) pamoja na hifadhi ya WAL iliyoandikwa baada yake, ifungue nakala hiyo kwenye folda mpya, weka `restore_command = 'cp /hifadhi/wal/%f %p'` kwenye mipangilio, tengeneza faili tupu iitwayo `recovery.signal`, kisha washa. Faili ya `backup_label` inayokuja na nakala ya msingi usiifute hata kama logi inaitaja, kwa kuwa ndiyo inayoiambia PostgreSQL ianzie wapi kusoma. Hapa kuna jambo ambalo wengi hulipita: faili za mwisho za WAL kwenye seva iliyoharibika huenda hazikuwahi kupelekwa kwenye hifadhi. Zichukue kutoka kwenye nakala yako, uziweke kwenye `pg_wal` ya folda mpya, na dakika za mwisho za kazi zinaweza kurudi zote. Mpangilio wa `recovery_target_time` unahitajika pale mtu alipofuta data kwa makosa nawe unataka kusimama kabla ya kosa. Kwa ukurasa ulioharibika, acha WAL isomwe hadi mwisho wake.

Ukiwa huna

Hapa ndipo kazi ya mikono inapoanzia, na mfano wangu ni wa mteja mmoja wa Kariakoo, muuzaji wa vipuri kwa jumla, aliyekuwa ameiweka seva chini ya ngazi, ikitegemea UPS ambayo betri yake ilikwisha kufa bila mtu kujua. Umeme ulikatika, ukarudi, ukakatika tena. Nakala ya akiba ilikuwapo, ila ilikuwa ya miezi mitatu nyuma.

Kwanza washa PostgreSQL kwenye nakala ya pili, utafute ni jedwali gani lenye faili namba 24601, ile ya ujumbe wa mwanzo. Ndani ya kanzidata husika, andika:

```
SELECT pg_filenode_relation(0, 24601);
```

Jibu likiwa ni faharasa, shukuru, ijenge upya. Kwetu jibu lilikuwa `miamala`, yaani jedwali la mauzo yenyewe. Kurasa za PostgreSQL zina ukubwa wa baiti 8192, kwa hiyo ukurasa wa 4123 unaanzia kwenye baiti ya 33,775,616 ya faili hiyo, na tulipoifungua kwa `hexdump` kuanzia hapo tulikuta sifuri tupu zikifuatiwa na kipande cha maandishi ya logi ya programu nyingine. Ukiona hivyo, usitarajie kuurekebisha ukurasa. Uhesabu umepotea, na nguvu zako zielekeze kwenye kurasa zilizouzunguka.

Tangu toleo la 14, PostgreSQL inaweza kusoma jedwali kwa kufuata mipaka ya `ctid`, yaani anwani ya rekodi inayotaja ukurasa na nafasi yake ndani ya ukurasa huo. Kwa hiyo unauruka ukurasa mbovu hivi:

```
SET enable_seqscan = off;
COPY (SELECT * FROM miamala WHERE ctid < '(4123,0)') TO '/uokoaji/miamala_a';
COPY (SELECT * FROM miamala WHERE ctid >= '(4124,0)') TO '/uokoaji/miamala_b';
```

Hakikisha kwanza kwa `EXPLAIN` kwamba mpango unasema `Tid Range Scan`, vinginevyo itasoma jedwali zima na kukwama palepale. Ikikwama kwenye ukurasa mwingine, gawanya tena. Wengi hukimbilia `zero_damaged_pages`, ambayo hugeuza kila ukurasa mbovu kuwa mtupu na kuendelea mbele. Inafanya kazi, lakini inafuta bila kukuuliza, nami naitumia tu pale kurasa mbovu zinapokuwa nyingi kupita uvumilivu wangu, tena kwenye nakala. Ujumbe wa `missing chunk number 0 for toast value` ni jambo jingine: rekodi ipo, ila safu yake moja kubwa, kama maelezo marefu au picha, imepotea. Tafuta rekodi hiyo kwa kusoma moja moja, ichukue bila safu hiyo.

Seva ikikataa kabisa kuwaka kwa `could not locate a valid checkpoint record`, na umekwisha kuhakikisha kwamba `pg_wal` haikuhamishwa wala kufutwa, kinachobaki ni `pg_resetwal`, ambayo huitupa WAL iliyopo na kuanza upya. Anza na `pg_resetwal -n`, ambayo huonyesha tu itakachofanya. Ukishaiendesha bila `-n`, seva itawaka, lakini ndani yake kunaweza kuwa na mauzo yaliyoandikwa nusu na nusu nyingine isiwepo. Iwashe ili utoe data, si ili wateja waendelee na kazi.

Kuhamia nyumba mpya

Kanzidata iliyookolewa hairudi kazini kwenye folda yake ya zamani, hata ikionekana nzima. Tengeneza mpya kwa `initdb --data-checksums`, ili kila ukurasa uwe na namba ya kuuhakiki (tangu toleo la 18 hili hufanyika lenyewe). Watumiaji na ruhusa zao wahamishe kwa `pg_dumpall --globals-only`, majedwali mazima kwa `pg_dump`, na yale uliyoyakata vipande yapakie kwa `COPY`. Vizuizi vya funguo za kigeni, vinavyodai kila rekodi inayotaja rekodi ya jedwali jingine iikute ipo, viweke mwisho. Vikikataa kuwekwa, usiudhike, kwa maana vinakutajia rekodi zilizobaki yatima, na orodha hiyo ni ya thamani kuliko logi yoyote.

Ili kujua miamala ipi ilikuwa ndani ya ukurasa wa 4123, tulitazama namba za rekodi za mwisho kabla yake na za kwanza baada yake, kisha tukauliza:

```
SELECT n FROM generate_series(88001, 92000) AS n
LEFT JOIN miamala m ON m.id = n WHERE m.id IS NULL;
```

Pengo peke yake halithibitishi kitu, kwa sababu muamala uliofutwa kabla ya kukamilika nao hula namba na kuiacha wazi. Lakini mapengo yaliyofuatana, zaidi ya sitini mfululizo, yalijieleza. Mhasibu akatoa karatasi za mashine ya EFD (ya risiti za kodi) za siku ile, ambayo ina kumbukumbu yake mwenyewe isiyotegemea seva, akaleta na taarifa ya malipo ya simu, tukakaa naye mpaka saa nane usiku tukiingiza risiti moja moja. Malipo manne ya fedha taslimu yalirudi bila jina la mteja.

Kabla ya kuwafungulia watumiaji, chukua nakala ya msingi ya kanzidata mpya, ikague kwa `pg_verifybackup`, kisha uirejeshe kwenye mashine nyingine uone inawaka. Tarehe 31 Januari 2017, GitLab walipofuta kwa bahati mbaya folda ya data ya seva yao kuu, ndipo walipogundua kwamba `pg_dump` yao ya kila siku ilikuwa ikishindwa kimyakimya, kwa kuwa ilikuwa ya toleo la 9.2 ilhali kanzidata ilikuwa ya 9.6; kilichowaokoa ni picha ya diski iliyochukuliwa karibu saa sita kabla kwa shughuli nyingine, na yaliyoandikwa katika saa hizo yakapotea. Ile nakala ya kwanza uliyoifungia isiandikwe iache palepale ilipo mpaka hesabu za mwezi zifungwe, kwa kuwa swali la risiti iliyokosekana huja wiki ya tatu.