Kura za mchujo za Marekani: namna ya kuzifuatilia ukiwa Lamu

Msimu wa mchujo Marekani ukifika, vyama vikichagua wagombea wao wa urais jimbo kwa jimbo, barazani Mkunguni hakosekani mtu wa kujumlisha tangu jimbo la kwanza wajumbe, yaani watu wa chama wanaomteua mgombea. Hesabu hiyo ni ya bure. Mwaka 2020 chama cha Democratic kilikuwa na wajumbe 3,979 wa kugombaniwa kwa kura, na wa kupewa tiketi alihitaji 1,991. Iowa ilitoa 41, New Hampshire 24. Jumla 65, haifiki hata mbili kwa mia.

Kinachogawiwa huko mwanzoni hasa ni imani kwamba fulani anaweza kushinda. Nenda gati la Mokowe uone. Boti mbili zinakwenda Amu kwa nauli moja. Abiria huipita yenye watu wawili, akaingia iliyobakisha nafasi tatu, maana ndiyo itakayoondoka kwanza. Wafadhili hufanya vivyo hivyo, na waandishi wa habari nao.

Kwanza panga saa zako. Kokasi za Iowa, yaani vikao vya jioni vya wanachama, kwa kawaida huanza saa moja usiku kwao, ambayo kwetu ni saa kumi alfajiri ya siku ya pili. Vituo vya mwisho vya New Hampshire hufungwa saa mbili usiku, kwetu saa kumi vilevile. Kukesha hakuna faida: lala, uamke na adhana. Kuanzia Jumapili ya pili ya Machi wao husogeza saa mbele, kwa hiyo punguza saa moja.

Kalenda ihakikishe kila msimu, na kwa kila chama peke yake. Sheria ya New Hampshire inataka mchujo wake utangulie wa jimbo jingine lolote kwa siku saba au zaidi. Iowa hupenya kwa sababu kokasi si mchujo. Mwaka 2024 Democratic waliamua South Carolina ianze, tarehe 3 Februari. New Hampshire haikujali, ikapiga kura Januari 23.

Matokeo yakitoka, tafuta mstari wa asilimia 15. Kwa Democratic, aliye chini yake hapati mjumbe wa jimbo. Chukua mfano wa kura 1,000 na wajumbe 8: A ana 400, B 300, C 160, D 140. D anatoka. Zimebaki 860, basi A anastahili 3.72, B 2.79, C 1.49. Wape kwanza namba kamili, 3, 2 na 1. Wawili waliobaki waende kwenye sehemu kubwa zaidi, yaani B kisha A. Mwisho ni 4, 3, 1. Kura 20 tu zimemtenga C na D, mmoja ana mjumbe, mwenzake hana kitu. Usiipeleke hesabu hii kwa Republican: kanuni zao hutofautiana jimbo kwa jimbo, na baadhi humpa mshindi wajumbe wote.

Kisha linganisha matokeo na yaliyotarajiwa. Iowa 1976, fungu kubwa kabisa, kama asilimia 37, lilikuwa la wasioamua. Jimmy Carter alipata kama 28. Magazeti yakamwandika mshindi, na mtu asiyejulikana akajulikana.

Tangazo la usiku wa kwanza usilibebe kama hukumu. Mwaka 2012 Mitt Romney alitajwa kushinda kokasi za Republican Iowa kwa kura 8. Hesabu ya mwisho ikampa Rick Santorum uongozi wa kura 34, wiki mbili baadaye, sifa zikiwa zimeshaliwa na mwingine. Mwaka 2020 programu ya kutuma matokeo ilikwama, na usiku ule Democratic hawakuwa na mshindi wa kutangaza.

Dalili tunayoiamini kuliko zote ni nani anajitoa. Joe Biden alikuwa wa nne Iowa mwaka 2020, wa tano New Hampshire, wa pili Nevada, kisha akashinda South Carolina tarehe 29 Februari. Ndani ya siku mbili Pete Buttigieg na Amy Klobuchar walijitoa wakamuunga mkono. Tarehe 3 Machi, Jumanne Kuu, siku majimbo mengi hupiga kura kwa pamoja, akachukua majimbo 10 kati ya 14. Mtu wa California aliyekuwa ameshatuma kura yake kwa posta akimchagua Buttigieg, kura hiyo hakuweza kuirudisha.

Ukitaka kuwaonyesha vijana jinsi wa kwanza wanavyowavuta wengine, chukua watu 30 na majina manne ya kubuni. Sita wa kwanza wachague kwa sauti, mmoja mmoja, kisha waliobaki. Rudia na kundi jingine, majina yale yale, wote kwa karatasi mara moja, ulinganishe. Kosa la kawaida ni kutumia Arsenal na Manchester United: hakuna anayehama, kwa kuwa kila mtu alikuja na upande wake. Ndivyo ilivyo pia rais aliye madarakani akigombea tena bila mpinzani wa maana. Mwaka huo Iowa haimbadilishi mtu.