Chora kabla ya kugusa

Ukicheza michezo ya kompyuta ya mafumbo na uvumbuzi, weka daftari na penseli kando ya kibodi, na kila unapofika mahali papya chora unachokiona kabla hujagusa kitufe chochote. Katika Myst, mchezo uliotoka mwaka 1993 ukiwa na daftari tupu ndani ya boksi lake, tarehe zinazosomwa mnarani hupelekwa kwenye chumba cha nyota, makundi ya nyota yanayoonekana humo hulinganishwa na michoro ya kitabu kilichomo maktabani, na alama zinazopatikana ndizo zinazobonyezwa kwenye nguzo zinazozunguka bwawa hadi meli iliyozama iibuke. Vidokezo vilivyotawanyika namna hiyo vikikaa kwenye ukurasa mmoja, jicho huona uhusiano wao, na kwangu raha kubwa ya michezo hii ni kuuona mwenyewe bila kuonyeshwa. Kupiga picha ya skrini ni haraka zaidi, lakini mkono unaochora hulazimika kuhesabu nyota na kutazama mistari inakoelekea. Njia hii hupungua nguvu fumbo linapotegemea sauti: kwenye roketi ya Myst hiyohiyo, daftari litakutunzia vitufe vya kinanda, ila kuoanisha sauti ni kazi ya sikio. Haifai kabisa katika michezo ya kasi kama Tetris, na pale ambapo namba za siri hubadilika kila unapoanza upya, anza ukurasa mpya.