Mérida hadi Salamanca kwa baiskeli ya changarawe: hatua kwa hatua, pamoja na dawa ya mbigili

Vía de la Plata ni njia ya zama za Warumi inayopanda kaskazini kupitia magharibi ya Hispania. Kwa baiskeli ya changarawe, yaani ya usukani uliopinda na tairi pana za njia zisizo na lami, kipande kitamu kuliko vyote ni kati ya Mérida na Salamanca: takriban kilomita 285, siku nne kwa aliyezoea na tano kwa anayetaka kuiona miji vizuri. Ardhi haitishi. Wanaokwama hukwamishwa na miba na maji, kwa hiyo hatua ya 3 na ya 5 zisome mara mbili.

Hatua ya 1: Chagua mwezi

Katikati ya Machi hadi mwisho wa Mei, au Oktoba. Julai na Agosti joto la Extremadura, mkoa utakaoupita sehemu kubwa ya safari, hupita nyuzi 40, na kuna vipande virefu visivyo na kijiji wala bomba. Usiende.

Masika ya huko huleta vijito vinavyokatiza njia. Maji ya kufika nusu ya gurudumu yakiwa yametulia, shuka, beba baiskeli, vuka. Yakipita kasi, rudi ufuate barabara ya N-630, ambayo inaandamana na njia karibu safari nzima na haina magari mengi tangu barabara kuu ya A-66 ilipofunguliwa. Kuitumia N-630 si kushindwa.

Hatua ya 2: Baiskeli na mizigo

Fremu iweze kubeba tairi ya milimita 40; mimi nachagua 45 bila kusita, kwa sababu ya mawe ya Kirumi utakayokutana nayo siku ya tatu na ya nne. Gia ya mbele iwe na meno 40 au pungufu, kubwa ya nyuma 42 au zaidi. Mizigo isizidi kilo 10, yote kwenye mifuko ya fremu, ya usukani na ya chini ya siti. Mikoba mikubwa ya pembeni inagonga mawe na inanasa kwenye malango ya mashamba.

Kofia ngumu ni lazima kisheria nje ya miji.

Hatua ya 3: Tairi

Mbigili unaijua: ule mmea unaotambaa chini, maua madogo ya njano, mbegu yenye pembe ngumu ambayo hata uitupe vipi, pembe moja huangalia juu. Hispania umejaa, wenyewe wanauita abrojo. Mbegu zake hukauka na kuwa ngumu mwishoni mwa kiangazi, ndiyo maana msafiri wa Oktoba anaumia kuliko wa Aprili. Haumei sana katikati ya malisho. Upo pembeni mwa barabara, kwenye viwanja vya kuegeshea magari, kwenye maingilio ya vijiji, yaani palepale unapopenda kusimama na kuilaza baiskeli kwenye nyasi kavu. Egemeza ukutani, na ukiisukuma, isukume katikati ya njia.

Tairi yenye tyubu haifai huku. Weka tairi isiyo na tyubu, yenye dawa ya kuziba ndani, na uifunge nyumbani wiki mbili kabla ya safari, si usiku wa kuondoka.

Anza na utepe wa rimu. Pima upana wa ndani wa rimu, ongeza milimita 2 hadi 4. Rimu ya 24 inachukua utepe wa 27. Futa rimu kwa spiriti mpaka kitambaa kitoke cheupe, maana mafuta kidogo tu ya vidole yanatosha kuuachia utepe baadaye. Anzia upande ulio mkabala na tundu la valvu, vuta kwa nguvu kiasi cha utepe kulala bila mkunjo, pitisha mwisho juu ya mwanzo kwa sentimita 10. Kisha usugue kwa kidole gumba juu ya kila tundu la spoku. Kiputo cha hewa kikibaki hapo, dawa itapenya, upepo utatokea kwenye matundu ya spoku, nawe utakuwa unatafuta pancha kwenye tairi ambalo halina pancha.

Toboa tundu la valvu kwa msumari uliopashwa moto, si kwa kisu. Kisu kinaacha mpasuko unaoendelea kuchanika. Msumari wa moto unaacha ukingo ulioyeyuka. Kaza nati ya valvu kwa vidole tu.

Vaa tairi kavu kwanza, bila dawa. Chomoa kiini cha valvu ili hewa iingie kwa wingi, pampu. Utasikia mlio, pa, kisha mwingine: hapo kingo za tairi zimekaa kwenye rimu. Zungusha gurudumu uangalie ule mstari mwembamba uliochongwa kandokando ya tairi. Ukizama mahali fulani, tairi halijakaa hapo. Paka maji ya sabuni, jaza tena. Pampu ya mkono ikishindwa, tumia kompresa ya kituo cha mafuta, ila uwe na kiadapta cha valvu ya Presta, ile nyembamba ya baiskeli, kwa kuwa vichwa vyao ni vya valvu za magari.

Likishakaa, toa upepo, mimina dawa kupitia valvu: mililita 80 kwa tairi la milimita 45. Wengi wanaweka 40 kwa kuogopa uzito, na hewa kavu ya huko inakausha dawa haraka kuliko pwani. Rudisha kiini, jaza, litingishe gurudumu likiwa limelala kila upande, kisha liache usiku kucha. Asubuhi likipungua kidogo si neno. Likiwa limelala kabisa, rudi kwenye utepe.

Upepo: mwendeshaji wa kilo 75 na mzigo wa kilo 10, nyuma baa 2.3 (baa ni kipimo cha mgandamizo wa hewa), mbele baa 2.0. Kwenye lami utaona ni laini mno, vumilia.

Njiani, ukiona miba imejipanga kwenye tairi, usiikurupukie. Sikiliza kwanza: tingisha gurudumu, dawa inacheza ndani? Ikicheza, chomoa mmoja, zungusha tundu lielekee chini sekunde chache mpaka povu jeupe likome, nenda kwa wa pili. Isipocheza, acha miba palepale, maana ndiyo inayoziba, na ongeza dawa kijijini. Kwa hiyo beba kichupa cha mililita 60. Tundu kubwa kuliko kichwa cha kiberiti linahitaji utambi wa mpira wa kuchomeka.

Usijaze kwa katriji za gesi ya kaboni. Gesi hiyo ni baridi sana na hugandisha dawa nyingi za aina ya mpira zikawa madonge. Beba pampu ya mkono.

Sasa palipo na gharama kubwa. Tairi likichanika kiasi cha kulazimika kuweka tyubu ya akiba, miba yote iliyokuwa imezibwa na dawa bado imo, vichwa vyake vimechomoza upande wa ndani kama mchanga mkali. Ukiweka tyubu juu yake, itatoboka kabla hujamaliza kilomita moja, na ya pili vilevile. Ligeuze tairi ndani nje, lifute dawa, pitisha kitambaa chepesi mzunguko mzima, si kidole; kitambaa kikinasa, hapo pana mwiba. Ung'oe kwa koleo ndogo, mmoja mmoja. Fanya mizunguko mitatu, miwili kulia na mmoja kushoto, kwa sababu mwiba ulioinama unanasa upande mmoja tu. Hii ni kazi ya nusu saa. Anayeiruka hupoteza alasiri nzima na tyubu zote.

Hatua ya 4: Ramani na alama

Pakua faili ya njia kwenye simu pamoja na ramani ya kutumia bila mtandao. Njiani fuata mishale ya njano. Ndani ya Extremadura utaona pia vipande vya mawe ya granaiti vya umbo la mchemraba: rangi ya njano ni njia ya mahujaji waendao Santiago de Compostela, kijani ni barabara ya Kirumi. Zikiachana, fuata njano.

Nenda kusini hadi kaskazini. Mishale imechorwa kwa upande huo, na jua litakuwa mgongoni.

Sehemu kadhaa utapita kwenye uwanda mpana wa nyasi kati ya kuta za mawe. Hizo ni njia za mifugo, cañadas, zilizolindwa tangu Mfalme Alfonso wa Kumi alipokitambua rasmi chama cha wafugaji, Mesta, mwaka 1273. Upana wake kamili ni mita 75.22, na sheria namba 3 ya mwaka 1995 inaziweka kuwa mali ya umma, kwa hiyo una haki ya kupita.

Hatua ya 5: Maji, chakula na saa

Beba lita 3. Kipande cha Casar de Cáceres hadi Cañaveral, kilomita 33 kupita bwawa la Alcántara, kihesabu kama hakina maji. Bomba lililoandikwa "no potable" (si ya kunywa) usinywe. "Sin tratar" maana yake maji hayajatiwa dawa; yaache.

Maduka ya vijijini hufungwa kuanzia saa nane mchana hadi saa kumi na moja jioni. Jumamosi mchana yakifungwa, mengi hayafunguliwi hadi Jumatatu. Baa ndizo wokovu: kahawa na mkate asubuhi, chakula cha mchana kuanzia saa nane. Chakula cha usiku saa tatu, kwa hiyo nunua kitu cha kutuliza njaa kabla ya duka kufunga mchana.

Kwa asiyekula nguruwe: kusema "sin carne" (bila nyama) hakutoshi, maana wengine hawahesabu soseji wala jamón, paja la nguruwe lililokaushwa, kuwa nyama. Sema "sin cerdo, sin jamón, sin chorizo", yaani bila nguruwe, bila jamón, bila soseji ya chorizo. Dengu na migas (makombo ya mkate yaliyokaangwa) mara nyingi hupikwa na chorizo. Tortilla de patatas ni mayai na viazi. Uliza kama imetiwa chochote kingine. Casar ukipita, nunua torta, jibini ya maziwa ya kondoo iliyogandishwa kwa ua la mbaruti badala ya tumbo la mnyama. Kata juu kama kifuniko, chovya mkate.

Hatua ya 6: Malango na mbwa

Lango ulilolikuta limefungwa, lifunge. Ulilolikuta wazi, liache wazi. Mbwa wakubwa wa kondoo wakija, shuka, baiskeli iwe kati yako nao, tembea polepole kuwazunguka kondoo. Usikimbizane nao.

Hatua ya 7: Siku kwa siku

Siku ya 1, Mérida hadi Cáceres, kilomita 75. Toka kwa kupita mfereji wa Los Milagros, kisha bwawa la Proserpina, kazi ya Warumi yote. Mji mkongwe wa Cáceres una mawe yanayoteleza, sukuma.

Siku ya 2, hadi Galisteo, 70. Ondoka mapema kwa ajili ya kile kipande kikavu. Kuta za Galisteo zimejengwa kwa mawe ya mviringo ya mtoni.

Siku ya 3, hadi Baños de Montemayor, 60. Utapita chini ya tao la Cáparra lenye miguu minne. Ukichoka na mawe, shika reli ya zamani iliyogeuzwa njia ya baiskeli, inayopita Hervás. Mwinuko wake ni wa garimoshi, yaani wa taratibu.

Siku ya 4, hadi Salamanca, 80. Mpando wa kutoka Baños ni mawe matupu: punguza upepo hadi baa 1.8, kaa kwenye siti, usisimame. Anayegawa siku hii hulala Fuenterroble de Salvatierra. Baada ya hapo njia hupanda hadi kimo cha zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, kwenye upepo mkali, kisha unateremka hadi daraja la Kirumi la mto Tormes.

Kwa kurudi, treni za mikoa zina nafasi chache za baiskeli, kata tiketi ya baiskeli pamoja na yako. Treni za mwendo kasi hutaka baiskeli ifunguliwe vipande na kutiwa kwenye mfuko wake. Kabla ya kuitia, pitisha kitambaa juu ya tairi na ung'oe mbigili zote, zisije zikatoboa mfuko, au mkono wa mtu atakayeubeba.