Sailensa ya gari la zamani huozea bandani

Watu wakiniuliza sailensa (kopo la kupunguza kelele kwenye bomba la moshi) ya gari la michezo la zamani hudumu miaka mingapi, nami huwauliza: hilo gari lako huliwasha mara ngapi, na ukishaliwasha linakwenda wapi?

Sailensa ya kwanza niliyoifunga kwenye MGB yangu ya 1971, gari dogo la michezo la Kiingereza, haikumaliza mwaka wa tatu, na gari lilikuwa halijafikisha kilomita elfu sita. Mkosaji nilikuwa mimi. Kila Jumapili nililiwasha bandani, nikaliacha lingurume dakika kumi ili betri isife, nikazima, nikalifunika turubai. Nilijiona mtunzaji hodari! Siku nilipoifungua ile sailensa na kuiinamisha juu ya karai, ilitema maji ya kahawia karibu nusu kikombe. Nikaikata kwa msumeno. Nje rangi ilikuwa bado inang'aa. Ndani kutu imepandana matabaka, ukiigusa inabanduka kama magamba ya samaki.

Maji hayo hayakutoka kwenye mvua. Lita moja ya petroli ikiungua huzaa takriban lita moja ya maji, ila hutoka yakiwa mvuke. Bomba likiwa limepata moto, mvuke hupita ukaenda zake. Likiwa baridi, mvuke hugeuka matone, yakachanganyika na asidi za moshi na kutuama chini ya sailensa. Ndiyo maana sailensa ya nyuma kabisa hufa kwanza: iko mbali na injini na huchelewa kupata joto. Porsche 911 ina nafuu kidogo hapo, kwa kuwa injini yake iko nyuma na sailensa imekaa jirani nayo. Kwenye MGB au Jaguar E-Type moshi husafiri chini ya gari karibu lote.

Kwa hiyo, kama huendi mahali, usiwashe. Betri itafutie chaja. Ukiwasha, endesha nusu saa au zaidi, si kuzunguka mtaa mmoja na kurudi. Tena toboa tundu la milimita 3 sehemu ya chini kabisa ya sailensa ili maji yachuruzike, kama haikuja nalo. Wengine huliona tundu hilo wakadhani ni kutu, wakaliziba. Liache.

Kukagua, subiri injini ipoe, inua gari na ulikalishe kwenye stendi. Usiingie chini likiwa limeshikwa na jeki tu. Gonga sailensa taratibu kwa mpini wa bisibisi, hasa chini na kwenye mishono. Bati zima hulia kwa sauti kavu, bati lililooza hujibu kwa sauti nzito iliyokufa, na ukisikia chengachenga zikicheza ndani, kizuizi cha ndani kimeshaachia. Kisha toa gari nje, liwashe, ziba mdomo wa bomba kwa kitambaa kinene kwa sekunde chache. Mfumo wa moshi usiovuja utausukuma mkono wako. Wenye tundu la kutu utaachia mlio wa hewa inayovuja pembeni. Tundu la kutu, hata dogo, usilichekee: kaboni monoksidi haina harufu, na gari lenye paa la turubai huweza kuinyonya ndani.

Muda wenyewe sasa. Chuma cha kawaida, kwa gari linalotoka mara mojamoja, mimi hukipa miaka mitatu hadi mitano. Kilichopakwa aluminiamu hukaa zaidi. Chuma cha pua kizuri kinaweza kupita miaka kumi na mitano, lakini nenda na sumaku unapokwenda kununua. Aina ya 304 haishiki sumaku, au huishika kwa mbali sana; ya 409 huishika barabara, na hiyo hupata kutu ya juujuu. Jambo jingine ambalo wauzaji hawalitaji: kama sailensa imejazwa pamba ya kioo, pamba hiyo huchakaa kwa joto na kupeperuka kidogokidogo. Bati litakuwa zima kabisa, na gari litapiga kelele kama halina kitu.

Unapofunga mpya, ning'iniza mfumo wote ukiwa umelegea, anzia kwenye manifoldi (mabomba yanayokusanya moshi kwenye injini), weka gasketi mpya na raba mpya za kuning'inizia. Raba kuukuu zilizokakamaa hupasua mabano ya sailensa yoyote, hata ya chuma cha pua. Nati za manifoldi ziwe za shaba, la sivyo safari ijayo utazikata. Tikisa bomba kwa mkono, hakikisha haligusi bodi, ndipo ukaze kuanzia kwenye injini kwenda nyuma. Endesha mpaka lipate moto, liache lipoe, kisha rudi chini na spana yako: klampu zitakuwa zimelegea tena kidogo.