Vitafunio Vitamu vya Pestri ya Matabaka kwa Anayeanza Kuoka

Pestri ya matabaka, yaani unga uliokunjwa na siagi tena na tena, haitiwi hamira. Kinachoiinua ni maji yaliyomo ndani ya unga na siagi, ambayo hugeuka mvuke katika joto kali la oveni na kulitenganisha tabaka la unga na lile lililo juu yake. Mwokaji anayeukunja unga wake mara 6, kila mara akiukunja sehemu tatu, hupata matabaka 729 ya siagi, na kazi hiyo hudai saa nyingi za kusukuma na kupumzisha. Ndiyo maana namshauri anayeanza anunue pestri iliyokwisha kusukumwa na kugandishwa, na achague ya siagi halisi badala ya majarini, kwa sababu ladha yake ni bora zaidi.

Jambo la kulindwa kuliko yote ni ubaridi. Siagi ikilainika kabla ya kuingia ovenini hunyonywa na unga, matabaka hushikana, na kitafunio hutoka kizito chenye mafuta. Basi hamishia pestri kutoka friza hadi friji usiku wa kuamkia siku ya kuoka, washa oveni mapema ifikie nyuzi 200 za Selsiasi, na uandae jamu, yai na trei yenye karatasi ya kuokea kabla ya kuikunjua. Ikianza kunata vidoleni, usiongeze unga mkavu. Irudishe kwenye friji kwa dakika 15.

Kata miraba ya sentimita 10 kwa kisu kikali, ukikibonyeza moja kwa moja kwenda chini bila kukiburuta, kwani ukingo uliovutwa hujifunga na hauinuki. Ukiacha sentimita 1 pembeni, chora mraba mdogo ndani kwa ncha ya kisu bila kufika chini, kisha utoboe sehemu ya kati kwa uma ili ibaki bapa huku kingo zikipanda. Weka hapo katikati kijiko kimoja cha chai cha jamu nzito, wala usizidishe, maana jamu ikichemka hufurika na kuungua. Paka yai lililopigwa juu ya kingo tu. Likitiririka ubavuni huyagandisha matabaka, na kosa hili dogo huharibu pestri nyingi nzuri.

Oka kwa dakika 15 hadi 20, na usifungue mlango wa oveni katika dakika 10 za mwanzo. Wengi huitoa mapema wakiridhishwa na rangi ya juu, ilhali ndani bado ni mbichi. Inua kimoja utazame chini, ambako nako panapaswa kuwa na rangi ya kahawia.

Ukipenda kisicho na jamu, nyunyizia pestri nzima sukari na mdalasini, viringisha pande mbili zikutane katikati, gandisha kwa dakika 20, kisha kata vipande vya sentimita 1 uvilaze kwenye trei. Vigeuze baada ya dakika 10, sukari iive pande zote mbili.

Mabaki ya ukataji yapange moja juu ya jingine badala ya kuyafinyanga donge, kisha yasukume upya. Vitafunio vipoze juu ya wavu na viliwe siku hiyohiyo. Vikilegea, virudishe ovenini kwa dakika 5 kwenye nyuzi 160.